Bunduki ya Kulinda Kunde za Mama Ouida

Jumatatu, 3 Juni

Nguruwe mwitu wamekuja. Si mmoja. Ukoo mzima, na watoto wao, na shangazi zao. Nusu ya chini ya shamba la kunde imepinduliwa. Mizizi juu, majani chini.

Hizi si kunde za hivi hivi. Ni kunde za mama mkwe wangu, Mama Ouida, zile zenye maganda ya zambarau. Mbegu aliachiwa na bibi yake. Mama Ouida alifariki Februari, akaacha chupa moja tu. Nelda, mke wangu, alizipanda zote Aprili, kwa kuwa mbegu ya kunde ikikaa sana hugoma kuota. Zote! Hakubakiza hata punje. Kwa hiyo kilichobaki shambani ndicho kilichobaki duniani.

Nelda hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo nilivyokuwa nimeshaviosha. Nikasimama mlangoni nikamwambia aniachie mimi. Akasema sawa, Hollis. Sawa yake hiyo nimeishi nayo karibu miaka arobaini, na bado sijaweza kuzitenganisha aina zake.

Jioni tulirudishia ardhini miche iliyokuwa na uhai. Yeye anashika, mimi nafukia. 

Nimeamua. Bunduki ya marehemu babu inabeba risasi moja. Nikifyatua, nikaanza kupekua mfuko kutafuta ya pili, nguruwe wameshafika kwa jirani wanapumzika kivulini. Nahitaji ile inayojipakia yenyewe. Unavuta kifyatulio, moja inatoka, nyingine imeshajipanga. Nusu otomatiki. Nina miaka sitini na miwili na sijawahi kumiliki hata moja. Huku mashariki ya Texas, hilo ni jambo la kuficha.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji Royce kapiga simu kabla sijamaliza kahawa. Ni mdogo wake Nelda. Ana bunduki yenye thamani kubwa kuliko pikapu yangu, na darubini inayoona joto la mnyama gizani. Anaiita "mtoto". Kajitolea kuja na mtoto wake kulinda kunde za mama yao. Nikamshukuru, nikasema nina mpango. Akauliza mpango gani. Nikasema mpango. Akacheka, akasema shemeji, mpango wako wa mwisho bado unaning'inia kwenye mti. Hakuwa na sababu ya kukitaja kile kibanda cha kuwindia. Kilijengwa vizuri. Mti ndio ulikua vibaya.

Nimeuza injini ya mashua. Samaki watafurahi.

Nikaenda mjini, kwenye duka la bunduki la Bi. Dovie Lasseter, yule anayepiga kinanda kanisani. Nikamweleza shida: nguruwe, mke, bajeti. Akaweka bunduki tatu juu ya kaunta. Ya kwanza nzuri ajabu. Nikaigusa tu, kama mtu anavyogusa gari la mwingine. Ya pili ni kuukuu, ilikuwa ya polisi mstaafu. Kitako kimechubuka, rangi imekimbia, sura kama mbwa aliyepigana maisha yake yote. Ya tatu mpya, inang'aa, jina la kiwanda sijawahi kulisikia, bei nusu ya ile kuukuu, na inakuja na mkoba wa bure.

Bi. Dovie akasema swali ni moja tu kwa mtu anayenunua kwa mara ya kwanza. Ikiwa na vumbi, ikiwa na umande, mikono yako ikitetemeka, je, itafyatuka? Ya kwanza, ndiyo. Hii ya polisi, ndiyo, nimeipiga mwenyewe siku nzima. Nikamuuliza na ya tatu je?

Akaitazama kwa muda. Akasema ina mkoba mzuri.

Nikamwambia nitafikiri.

Jumatano, 5 Juni

Nimefikiri. Mwanamume hanunui kitu kikubwa bila kupata ushauri. Lakini anayejua zaidi ni Royce, na Royce sitamuuliza. Ndipo akili ikanijia. Nikampigia, nikasema nina rafiki kanisani anatafuta bunduki ya kwanza, hana fedha nyingi, hajui achukue mpya ya bei poa au kuukuu ya kuaminika.

Royce akaongea hadi sikio langu likapata joto. Alisema bunduki inayojipakia ina viungo vingi vinavyokimbizana, na kimoja kikichelewa, vyote vinasimama. Alisema hasara haionekani dukani, inaonekana shambani. Alisema huyo rafiki achukue kuukuu yenye historia, aipige risasi nyingi kabla ya kuiamini, asinunue jina asilolijua. Nikawa naitikia kama mtu wa mbali.

Mwishowe akauliza, kwa upole kabisa, kama huyo rafiki yangu ana mke mwenye shamba la kunde.

Nikakata simu. Mtandao huku si mzuri.

Alhamisi, 6 Juni

Nimenunua ile mpya! Hesabu iko wazi. Kuukuu ingekula fedha yote ya injini. Mpya imeniachia chenji, na kwa chenji hiyo nimemnunulia Nelda kofia pana ya kulimia, ya majani, yenye utepe wa kijani. Ile ya zamani jua linapita kwenye matundu na kumchoma paji la uso. Je, polisi mstaafu angenipa kofia?

Bi. Dovie aliniuliza kama nina hakika. Kisha akaniuliza kwa njia nyingine. Ikapigwa simu ya kuhakiki tabia yangu, nikaonekana raia mwema, nikatoka na bunduki ndani ya mkoba. Mkoba kweli mzuri. Zipu mbili.

Nelda aliipenda kofia. Aliivaa mpaka alipoondoka kwenda mazoezi ya kwaya. Bunduki aliitazama, akauliza kama niliiona nyingine. Nikasema niliona zote. Akasema sawa, Hollis.

Ijumaa, 7 Juni

Majaribio, kule kwenye shimo la zamani la kokoto. Risasi za kwanza zilikwenda kama mvua. Nikacheka peke yangu. Kisha kimya. Ganda la risasi limekwama kwenye mlango wa kutolea maganda, nusu ndani nusu nje, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Nikalitoa kwa kisu cha mfukoni. Nikatia mafuta. Zikaenda kadhaa. Likakwama tena. Nikafuta mafuta. Likakwama zaidi.

Nimefikia uamuzi kwamba bunduki mpya ni kama kiatu kipya. Inahitaji kumzoea mtu.

Nikapiga namba ya kiwanda. Nilisikiliza muziki wa gitaa hadi nikaanza kuupenda, kisha simu ikakatika.

Nyumbani Nelda akauliza inakwendaje. Nikamwambia inakwenda kama saa. Akageuka akatazama saa ya ukutani, ile iliyosimama tangu Pasaka.  Alinipakulia kipande kikubwa cha mkate wa mahindi, akanipita akanishika bega. Alasiri alichukua gari akasema anapeleka mayai mjini.

Mistari ya juu ya kunde imeanza kutoa maua. Meupe, yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa matone ya bluu. Nelda alisimama hapo muda mrefu na kofia yake mpya.

Kesho alfajiri. Lazima.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika suruali ikiwa bado na udongo.

Kulipoanza kupambazuka nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya rundo la samadi. Mahali pa siri, si pa raha. Wakatoka msituni. Dume kubwa mbele, majike nyuma, na wakaelekea moja kwa moja kwenye mistari iliyosalimika, yenye maua. Nikavuta pumzi. Nikafyatua. Udongo ukaruka mbele ya pua ya dume. Nikavuta tena. Kimya. Ganda limesimama mlangoni.

Majike yalikimbia. Dume halikukimbia. Lilinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize anachofanya. Kisha likainamisha pua, likang'oa shina la kwanza.

Sijui nini kilinipata. Niliweka bunduki chini, nikaunyakua mkoba, nikakimbilia kunde. Mtu mzima, babu wa watu, napunga mkoba wenye zipu mbili na kumtukana nguruwe ukoo wake wote. Lile dume likageuka. Sasa tulikuwa wawili uwanjani, na mwenye meno alikuwa mmoja.

"Hollis." Sauti ilitoka upande wa nyumba, ya taratibu, kama ananiita mezani. "Rudi kushoto. Haya. Sasa kaa chini."

Nikakaa, kwenye udongo wenye umande. Mlio. Mlio. Mlio. Mfululizo, bila kigugumizi. Dume likapiga hatua chache likalala ubavu, na halikuamka.

Nelda alikuwa kwenye ngazi za baraza, kavaa gauni la kulalia na viatu vya mpira. Mikononi ana ile bunduki mbaya ya polisi mstaafu. Nilisahau kwamba baba yake alimlea kwa kuwinda. Nilisahau, au nilipenda kusahau. Akaifunga usalama, akaiegemeza ukutani kwa uangalifu, akaja akakaa kando yangu pale pale chini. Hapo ndipo mikono yake ilipoanza kutetemeka. Nikaishika. Yangu ilikuwa inatetemeka zaidi, kwa hiyo haikusaidia.

Nikamuuliza kaipata wapi. Akasema kwa Dovie, jana, kwa fedha zake za mayai na jamu. Dovie alimweleza kila kitu kwenye mazoezi ya kwaya.

"Nilijua utachukua yenye mkoba," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia.

"Dovie alinipa hadi Jumatatu niirudishe. Yako ingefanya kazi, ningerudisha hii, wala usingejua."

 Nikatazama lile shina lililong'olewa. Nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya kunde za mama yake, nikasema nilitaka tu kuzilinda, nikasema mengi. Akanifunika mdomo kwa kiganja. Kilinukia baruti.

"Kunde ni kunde, mzee wangu. Lile dume lingekuumiza, ningekula na nani?"

Kitu kiliniingia machoni. Samadi, nadhani.

Jumapili, 9 Juni

Royce alikuja jana mchana kusaidia kuchuna na kugawa nyama. Keshaambiwa yote, si na mimi. Nilijiandaa kwa kejeli. Badala yake akavua kofia, akaishika kifuani. "Shemeji, umesimama mbele ya dume lile kwa ajili ya kunde za mama." Akatazama pembeni. Sikujua niweke wapi uso wangu. Kisha akauliza kama mkoba ule una mfuko wa kando wa kuwekea sandwichi. Tukapumua wote wawili.

Leo kanisani Bi. Dovie amekubali kuichukua bunduki yangu kwa hasara yangu. Mkoba nimeachiwa. Bunduki mbaya ni ya Nelda. Naruhusiwa kuibeba nikiomba kwa adabu.

Naomba kwa adabu. Haikwami!

Jumapili, 14 Julai

Wiki nyingi sijaandika. Kulikuwa na kazi. Nguruwe walirudi kujaribu, wakakuta nimeomba kwa adabu.

Kunde zimezaa. Maganda ya kwanza, yaliyokauka mtini, Nelda aliyapukuchua mwenyewe barazani, akajaza chupa ya mama yake hadi shingoni, akaifunga. Chupa ya pili akampa Royce. Royce aliipokea kwa mikono miwili na hakuleta utani wowote. Za kijani tukazipika na mfupa wa nyama ya nguruwe, na vitunguu, na mkate wa mahindi. Nelda alionja kijiko kimoja, akaweka kijiko chini, akasema ndizo. Ndizo kabisa. Tukala, kiti changu kimesogea hadi kugusa chake.

Lakini kunde ni nyingi mno kuliko tunavyoweza kula, na friji letu dogo limejaa nyama. Nimekuwa nikifikiri.

Leo Nelda alipokuwa amebaki kanisani na wanakwaya, nilipita barabara ya mtoni. Kuna jamaa pale anauza friza kubwa, la kulala chini kama sanduku. Limetumika, lakini si sana. Jina la kiwanda silijui, ila herufi zake zimepambwa vizuri. Bei ya kutupa! Hana karatasi ya dhamana, lakini aliniangalia machoni. Nimelileta, nimeliweka gereji, nimelifunika shuka ili nimshangaze Nelda. Nimepanga ndani yake kunde zote, mifuko kwa mifuko, na nyama yote juu yake. Atakula kunde za mama yake hadi Krismasi, na nitakuwa nimefanya mimi.

Nilipoliwasha lilikohoa sana, kisha likanguruma, kisha likanyamaza. Jamaa alisema yote huanza hivyo.

Nadhani linapumzika.