Mafuta Yangu Juu ya Makuti ya Pascalia

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nyamvula wangu amesimamisha nguzo mbili za vipimo kwenye chati moja! Kwa kuiandikia kompyuta maagizo tu! Hata sijakusalimu, daftari langu. Utanisamehe, habari kama hii haingoji salamu.

Kikundi chetu cha kina mama hapa Bofu kina kazi mbili. Mimi nasimamia mafuta ya nazi. Pascalia, jirani yangu ukuta kwa ukuta, asimamia makuti. Jumamosi twachagua mwenyekiti, maana Bi Mishi aliyepo amechoka, magoti yanamsumbua. Ni mimi au Pascalia. Bi Mishi ametaka kazi ya miezi sita ionekane ukutani kabla ya kura. Nani wa kuichora? Binti yangu! Pascalia hana wa kumchorea hata duara.

Makuti huhesabiwa mamia kwa mamia, mafuta lita kwa lita. Ukiyapima kwa nguzo moja, lita zangu kumi na saba za Septemba zatambaa chini kama sisimizi. Ndipo Nyamvula akaweka nguzo ya kushoto ya makuti, sifuri hadi elfu moja, na ya kulia ya mafuta, sifuri hadi ishirini. Mwanzo hatua za kulia hazikukutana na za kushoto, kama ua uliojengwa na mafundi wawili wasiosemezana. Akazipatanisha. Sifuri kwa sifuri, hatua tano huku, tano huku. Nililia. Mimi niliishia darasa la saba, lakini tumbo hili limezaa mhandisi.

Jambo moja laniudhi. Mstari wa makuti ya Pascalia uko juu ya mstari wa mafuta yangu. Kwa unyoya!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemwuliza Nyamvula kama mstari wangu waweza kupanda kidogo. Akasema nguzo zikishapatana haziguswi, ukivuta moja umewadanganya watu. Nikaitika abee, utadhani mimi ndiye mwana.

Alipovuka feri kwenda chuoni, nikafungua kompyuta. Nikaona: mafuta, 0, 20. Ishirini! Ndiyo maana niko chini. Mwanamke mkubwa, nambari kubwa. Nikaandika 200, nikabonyeza kile kipembetatu cha kijani.

Mafuta yangu yakaanguka! Yamelala chini kabisa, kama mkeka. Pascalia amesimama juu yangu, mikono kiunoni. Nimeitukana kompyuta kwa Kiduruma.

Jumatano, 8 Oktoba

Kumbe ni kinyume! Nambari ikishuka, mtu apanda. Nikaandika 10. Mstari wangu ukapanda, ukapanda, ukatoka nje ya chati. Haupo! Nimechungulia hadi nyuma ya skrini.

Na hapo ndipo Pascalia alipoingia bila hodi, kuazima mbuzi yangu ya kukunia nazi. Akaona makuti yake peke yake uwanjani. Akauliza kama yale mafuta nimeyamwaga. Akacheka hadi leso ikamfunguka. Nimemwambia mbuzi imevunjika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Acha niseme mwenyewe, maana hakuna wa kunisemea: nina akili. Mafuta, 18. Makuti, 2000. Mimi niko darini. Pascalia yuko chini ya katikati, ananyong'onyea. Hatua za pande mbili hazikutani tena, zimekaa kama meno ya mtoto wa miaka saba. Nani atatazama?

Nikaitia chati kwenye flashi, nikarudisha nambari za Nyamvula kama zilivyokuwa. Jioni nikamwambia asijichoshe, kuchapisha nitakwenda mimi. Akanibusu shavuni. Nikaona haya kwa dakika mbili hivi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Karatasi kubwa kama shuka! Lakini ilipotoka nikashtuka. Kushoto imeandikwa 2000. Kulia, kwangu, 18. Nitatembeaje Bofu na kumi na nane yangu? Nikamwambia mchapaji aikate nguzo ya kulia. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mhandisi ni wangu, yeye akate tu. Makasi yakapita. Imependeza!

Jumamosi, 11 Oktoba

Bi Mishi alivaa miwani. Akaweka bakora juu ya mstari wangu wa Septemba, akaiburura kushoto hadi kwenye nguzo iliyobaki. Akasoma. Akasoma tena. Wallahi, akasema, lita elfu moja na mia tisa! Kisha akaniuliza taratibu: mwanangu, sisi tuliona kumi na saba, hizo nyingine umezificha wapi?

Pascalia akadakia kwamba ndiyo maana nilimnyima mbuzi, nakuna mchana na usiku! Kina mama wawili wakatumwa nyumbani kwangu, hadi uvunguni mwa kitanda. Walipata galoni tupu na paka.

Mwizi au mwongo, ilibidi nichague. Nikachagua mwongo. Nikasema lita ni zile zile kumi na saba, nguzo nilizivuta mwenyewe. Nyamvula, aliyekuja kuona chati yake ukutani, hakunitazama. Alifungua kompyuta akawaonyesha chati yake, nguzo hii ya nani, ile ya nani. Wote wakaelewa, hata wale wanaosinzia mikutanoni. Pascalia juu, kwa unyoya.

Kura ishirini na mbili kwa tatu. Tatu zangu ni mimi, wifi yangu, na mmoja ambaye nadhani alikosea.

Njiani Nyamvula akasema, Mama, ungeniuliza. Nikamkumbusha kwamba nilimwuliza.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani leo nimeitwa mama wa yule binti wa chati! Mara nne! Hakuna aliyetaja galoni. Hata Pascalia alikuja, mpole, kuuliza kama Nyamvula aweza kuwachorea tena mwezi ujao.

Basi nimewaza wakati wa mahubiri. Kosa lilikuwa nguzo mbili. Mbili ni za kugombana. Yatakiwa ya tatu! Watoto waliosomea kompyuta, nyumba kwa nyumba. Kwangu, mmoja. Kwa Pascalia, sifuri. Na kileleni mwa nguzo hiyo nitaandika 1. Nitagusa dari, na kwa halali!

Nyamvula bado sijamwambia. Lakini kikundi kizima nimeshakialika kwa simu kuja kuiona nguzo ya tatu, pamoja na Bi Mishi, wifi yangu na huyo mwenyekiti mpya. Siku hiyo ni sikukuu ya Mashujaa, hakuna atakayesingizia kazi. Waje wote kwangu, Jumatatu tarehe ishirini, saa nane mchana.