Wastani wa Jana

"Wananchi wote mnajulishwa, kwa furaha kubwa na kwa mamlaka niliyokabidhiwa, kwamba joto la ziada limekomeshwa nchini. Halipo tena. Atakayelihisi atakuwa analihisi kwa hiari yake, na Serikali haitamwingilia."

Tangazo hilo nililisoma redioni mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Ofisi ya Wastani, na nililisoma nikifuta jasho. Msinielewe vibaya. Mimi ni mtu wa kutoka jasho tangu utotoni, hata nikila uji.

Wengi hawaijui kazi yetu. Wanadhani tunapima joto. Joto linapimwa na kipimajoto kilichosimama uani, hakihitaji mshahara wala gari la ofisi. Sisi tuko juu zaidi: tunaamua kama joto hilo ni la kawaida au si la kawaida. Tunalichukua joto la leo, tunalilinganisha na wastani wa miaka thelathini, na ile tofauti ndiyo tunayoiita mkengeuko. Mkengeuko ukiwa mdogo, tunakunywa chai kwa amani. Ukiwa mkubwa, simu zinaanza kulia.

Na zililia, jamani. Miaka ya karibuni joto lilikosa adabu kabisa. Leo limezidi wastani kwa digrii tatu, wiki ijayo nne, halirudi nyuma wala halioni haya. Hilo peke yake lisingetukosesha usingizi, kwa sababu joto halipigi kura. Balaa lilikuwa Sheria ya Kivuli, iliyotungwa zamani na wabunge waliojaliwa huruma kuliko akili. Sheria hiyo inasema joto likizidi wastani kwa digrii tatu, kila afanyaye kazi juani aache, akae kivulini, na alipwe kama kawaida. Basi mafundi wakawa wanashinda chini ya turubai wakicheza karata, na barabara ya lami iliyokuwa ikijengwa kuelekea nyumbani kwa Mheshimiwa Waziri ikasimama njiani kama punda aliyegoma.

Mkandarasi wa barabara hiyo alikuwa shemeji yake Waziri. Nalitaja tu ili mjue undugu ulivyo imara serikalini.

Waziri akaniita. Ofisini mwake mna baridi ya kuhifadhia samaki. Anavaa suti na kizibao ndani yake, na bado anajikunyata. Akaniuliza kama siwezi kulipunguza joto. Nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba joto halimo katika muundo wa wizara, wala halina bosi tunayeweza kumwandikia. Akawaza kidogo, kisha akauliza swali la kiongozi.

"Na huo wastani, nao hauko chini yetu?"

"Wastani ni wetu, Mheshimiwa. Tunautengeneza wenyewe."

"Sasa unahangaika na jua la nini?"

Ndipo ilipoundwa Kamati ya Kudhibiti Mkengeuko, mwenyekiti nikiwa mimi. Tulikaa hotelini, maana ofisini kulikuwa na joto. Tukagundua kasoro kubwa katika wastani wa miaka thelathini, nayo ni kwamba ulikuwa wa miaka thelathini. Watu wengi waliolipata joto lile wameshajifia zao. Kwa nini kijana wa leo ahukumiwe kwa hewa ya marehemu? Mmoja akapendekeza miaka kumi, mwingine akasema hata mwaka mmoja ni mzigo kwa taifa changa. Tukajadili, tukala, tukajadili tena, mpaka tukaafikiana kwamba wastani wa kisasa, unaokwenda na wakati, ni jana. Leo italinganishwa na jana, basi. Mjumbe mmoja mtundu akataka kujua kama siku moja inaweza kuwa wastani. Tukamteua kuwa katibu ili mikono yake ipate kazi na mdomo upumzike.

Matokeo yalikuwa ya papo kwa papo. Jana jua lilichoma, leo jua linachoma, tofauti yake ni sifuri au nukta mbili tatu hivi. Magazeti yakaandika kwamba joto limedhibitiwa. Waziri akapewa nishani na shirika la mazingira ambalo mlezi wake ni yeye, na mafundi wakarudishwa juani.

Hapo sasa ndipo mambo ya ofisi yaliponifuata nyumbani. Mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, ni fundi wa lami kwenye barabara ileile. Kazi yake ni kuisambaza lami kwa reki ikiwa bado inafuka moshi: jua juu, moto chini, naye katikati kama mkate. Ni mtu wa mzaha, ana maneno hata msibani, na tangu nipandishwe cheo ananiita Bwana Wastani. Lakini baada ya tangazo langu akaanza kuja kwetu jioni kimyakimya. Dada yake anamwekea chakula, anakitazama tu kama mtu aliyesahau kinavyoliwa.

Siku moja akaanguka. Wenzake wakamvutia chini ya lori, wakammwagia maji, akazinduka akiongea na mama yake, ambaye tulimzika zamani. Daktari wa mkandarasi akaandika kwamba amezimia kwa sababu binafsi, kwa kuwa siku hiyo mkengeuko ulikuwa sifuri. Na kanuni ni kanuni. Mtu hawezi kuzimia kwa joto ambalo halipo. Akapewa onyo kwamba akizimia tena kazi hana, naye ana watoto wadogo na mke mjamzito, kwa hiyo kuacha hawezi na kuendelea hawezi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta kalala sebuleni, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Nikaogopa. Mkurugenzi mzima, nasema wazi kwamba niliogopa, maana huyu nimemwoa dada yake yeye akiwa bado anavaa kaptula ya shule, na mimi ndiye niliyemfundisha kunyoa ndevu. Mke wangu hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kujificha.

"Baba watoto," akaniambia, "huyu akifa, mtaandika kafa kuliko jana au kafa kawaida?"

Nikaanza kumweleza kwamba takwimu hazimhusu mtu mmoja mmoja. Akanijibu kwamba basi nile hizo takwimu, kwa sababu jikoni hakuna changu. Shemeji akajiinua kidogo pale alipolala, akasema dada yake asinigombeze, kosa ni la mwili wake, kesho atajitahidi kuwa wa kawaida. Alicheka kidogo aliposema hivyo, na kicheko hicho kilinichoma kuliko maneno yote ya mke wangu. Kesho yake akarudi kwenye lami, na mimi nikarudi kwenye kamati. Nilikuwa nafanya nini pale? Sijui. Nilikuwa mwenyekiti.

Kisha mvua ikanyesha. Hatukuambiwa mapema, maana Ofisi ya Utabiri ni majirani zetu na hatusemeshani. Ilinyesha kutwa nzima, upepo ukavuma, watu wakatoa masweta yaliyokuwa yakinuka kabati. Ripoti ilipotoka ilisema joto liko chini ya wastani kwa digrii tisa.

Waziri alikuja mwenyewe ofisini kwangu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hata kiti cha kumkalisha ilibidi tukiazime kwa Utabiri. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Mkurugenzi, hii tisa ya chini ni yetu?"

"Ni yetu, Mheshimiwa."

"Basi isiondoke. Igandishwe hapohapo."

Akanifafanulia maono yake. Kwa nini mafanikio ya leo yafutwe kesho, eti kwa sababu kesho imefika? Joto la siku hii ya baridi litangazwe kuwa wastani wa kudumu wa taifa, na asiwepo wa kuubadilisha, awe waziri atakayemfuata au yeye mwenyewe, mpaka Bunge likae. Alikuwa na hofu kwamba mahasimu wake wangekuja kumwibia baridi yake. Kichwani mwake aliamini kwamba akiugandisha wastani, na hewa nayo itaganda. Hakuona kwamba wastani ukishuka, joto la kila siku litaonekana limepanda. Mtu yuleyule ukimsimamisha kando ya mtoto mchanga, anaonekana jitu.

Mimi niliona. Ndiyo kazi inayonilisha. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi, na katika utumishi wangu wote sijawahi kumwacha bosi akanyage shimo nikitazama. Nikamfikiria shemeji yangu akijitahidi kuwa wa kawaida. Waziri akauliza kama kuna tatizo lolote la kitaalamu. Nikamjibu kwamba, kitaalamu, taifa halijawahi kuwa na wastani wa namna hiyo, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Akatia saini. Redio ikatangaza hata kabla hajafika kwenye gari lake.

Kesho yake jua likarudi na hasira za siku zote. Kipimajoto kikasoma namba zilezile kilizozoea kusoma, na mkengeuko ukawa digrii tisa, juu. Siku iliyofuata tisa tena. Iliyofuata, tisa na nusu. Sheria ya Kivuli, ambayo tulikuwa tumeshaizika na matanga tumeanua, ikafufuka. Mafundi wa lami wakaweka reki chini. Waashi wakashuka, wafagiaji wakaegemeza mifagio, na askari wa barabarani wakaingia kivulini kwa mujibu wa sheria, mishahara ikiendelea kama kawaida.

Waziri akanipigia simu, akataka wastani upandishwe haraka. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba kwa amri yake mwenyewe hilo ni la Bunge peke yake. Akampigia Spika. Spika akamjibu kwa masikitiko kwamba jengo la Bunge limo kwenye ukarabati, vikao vimehamia uwanjani pasipo na paa, na katika joto lililozidi wastani kiasi hicho sheria hairuhusu mtu kufanya kazi juani. Bunge litakaa joto litakaposhuka hadi kufikia wastani. Wastani utapandishwa Bunge litakapokaa.

Sasa, joto likizidi wastani kwa digrii nane, sheria ile inakwenda mbali zaidi. Inaagiza magari ya Serikali yenye kipoza hewa yapelekwe penye kazi, yawashwe, na walioathirika na joto wapumzishwe humo mpaka mkengeuko upungue. Tuanze na gari lililo karibu, inasema. Kwa kuwa barabara ilikuwa inaelekea kwa Waziri, lililo karibu lilikuwa la Waziri. Agizo nililitoa mimi, kwa uchungu unaostahili. Daktari wa mkandarasi naye, mtu mwepesi wa kusoma upepo, akagundua upya kwamba shemeji yangu hakuzimia kwa sababu binafsi hata kidogo, bali ni mwathirika namba moja wa taifa.

Mchana wa siku hiyo nilikuwa pale nikisimamia utekelezaji. Kwa mbali nikaona suti inakuja kwa miguu, kizibao na vyote, inayumba kwenye kokoto ambazo bado hazijamwagiwa lami. Alikuwa Mheshimiwa mwenyewe. Shati lilikuwa limemganda mwilini na viatu vimebadilika rangi. Hakunisalimu. Akaenda moja kwa moja kwenye gari lake lililokuwa likinguruma taratibu, akafungua mlango wa nyuma, baridi ikampiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akifumba macho kwa raha.

Ndani alikuwamo shemeji yangu, kajifunika koti la mvua mpaka kidevuni, na wenzake wawili wamesinzia na viatu vyao vya kazi. Waziri akasema anaomba aketi kidogo tu, hata pembeni.

Shemeji akamtazama, akamsalimia shikamoo, kwa adabu zote tulizomlea nazo.

"Mheshimiwa, na wewe unafanya kazi juani?"

"Hapana. Mimi ni Waziri."

"Basi samahani, mzee wangu, tufungie mlango. Baridi inatoka."

Waziri akanigeukia mimi. Nikatazama kokoto. Akaufunga mlango polepole, kwa mikono yake miwili, kisha akaniuliza kivuli cha karibu kiko wapi. Nikamjibu kwamba chini ya turubai kumejaa, chini ya lori kumejaa, na miti ya kandokando ya barabara tuliikata yote kwa agizo lake, ili mtu anayekuja aione nyumba yake tangu mbali.