Yama na Chubwi la Kunduchi

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Jabiri hali. Siku ya nne leo. Daktari kamrudisha nyumbani Tandika, moyo umechoka, kasema tumlishe tu. Mkewe Naima kapika uji wa ulezi, kapika supu ya pweza. Wapi! Mgonjwa anageukia ukutani. Rafiki yangu tangu tunavaa kaptula, na mie nimekaa namwangalia kama mgeni.

Lakini mie Kondo si wa kushindwa! Mjukuu wa Mzee Harilal, tajiri yangu wa duka la vitambaa ninakoshonea, kahamia Uingereza, kaacha kasha la mchezo na kitabu chake cha sheria. Mmoja anasimulia, wenzake wanajifanya mashujaa, dadu inaamua nani apone. Kuna na miungu, kila mmoja na alama zake za nguvu. Nimeliomba, nimepewa. Sheria ya kwanza nimeitunga mwenyewe: shujaa asiyekunywa uji hana alama.

Jumatano, 4 Agosti

Kanywa bakuli zima!

Miungu ya kitabuni ina majina ya kuvunja ulimi. Nikamwomba Mzee Harilal anipe ya kwao. Kanisimulia habari za hekalu moja huko kusini ya India. Kijana kaandikiwa miaka kumi na sita tu. Siku ikafika, Yama, mungu wa mauti, kaja na kamba yake, kapanda nyati. Kijana kalikumbatia jiwe la mungu wao Shiva. Kamba ikawazunguka wote wawili, kijana na jiwe. Shiva katoka ndani ya jiwe kwa hasira, kampiga Yama teke la kifua! Nikaondoka mbio. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka. Jabiri ndiye kijana.

Kero ni Theonest. Mpangaji mwenzake Jabiri, karani, mtu wa Bukoba, Kiingereza anakijua kuliko wenyewe. Kasoma kitabu cha sheria chote. Nikisimulia, anakohoa kidogo, halafu anasema kitabu hakisemi hivyo. Nani alimwalika?

Ijumaa, 6 Agosti

Shiva nimempa alama mia, Yama hamsini. Theonest kakohoa. Kasema mauti hayawezi kuwa na hamsini. Nikamwambia hapa Tandika yana hamsini. Jabiri kacheka mpaka Naima kachungulia.

Jumapili shujaa anafika kwenye jiwe. Akipata sita, Shiva anatoka. Akikosa, kamba inasogea hatua. Hatua tatu, basi tena. Na akikosa zote? Mchezo huu Jabiri kautia moyoni, na moyo wenyewe ndio ule. Siwezi kuiachia dadu jambo kubwa namna hii. Kesho Kunduchi.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimerudi na chubwi, ile risasi ndogo wavuvi wanayotia kwenye mshipi uzame. Nimeitoboa dadu upande wa sita, nikalipachika humo, nikaziba kwa nta na wino. Sita sasa ndiyo nzito, kwa hiyo ndiyo itakayokuja. Mbona rahisi! Watu wanasomea nini miaka yote hiyo?

Jumapili, 8 Agosti

Moja. Moja. Moja!

Sita ilikuwa nzito kweli, ikawa inalala chini kila mara, moja inabaki juu. Kamba imemfika shujaa shingoni, na mie ndiye niliyeipeleka. Theonest hakukohoa. Kakiinamia kitabu chake tu. Nikasema simulizi inapumzika.

Jabiri kaichukua dadu, kaipimapima kiganjani. Theonest na Naima walipotoka, kaniuliza taratibu imemeza nini. Kaniapisha tumalize kwa dadu safi. Kasema mtoa roho hatumii dadu, hilo tumefundishwa tangu madrasa. Kasema uji anaunywa kwa ajili yangu, alama hajawahi kuzihesabu. Nililia. Naandika kama ilivyokuwa, nililia.

Jumanne, 10 Agosti

Nikampelekea Mzee Harilal malalamiko yangu, kwamba Shiva wake hakutoka. Kaniuliza Shiva nimempa alama ngapi. Nikajibu mia. Kakata kitambaa mpaka mwisho wa jora. Halafu kasema hadithi niliikimbia katikati. Yama alipoanguka, watu wakaacha kufa. Wagonjwa wakabaki na maumivu yao, wazee wakazidi kuchoka, ardhi ikaelemewa na kulia. Ikabidi Shiva huyo huyo amrudishie Yama kazi yake.

Nikamfokea, mbona hukusema mapema! Kisha nikamtaka radhi, ni mtu mzima yule. Kasema kwa upole kuwa alikuwa anasema, ila mie nilishafika barabarani.

Sikuipenda kabisa hiyo sehemu ya pili.

Alhamisi, 12 Agosti

Dadu safi. Tumemkalisha Jabiri kwa mito mitatu. Nikampa dadu.

Hakuirusha. Kasema shujaa wake analiachia jiwe, mikono imechoka kukumbatia. Anamwomba Yama kitu kimoja, asubiri amalize uji.

Theonest kakohoa. Nikasema haya, sasa tunasomewa kitabu. Kasema inaruhusiwa. Nimetafuta baadaye ukurasa kwa ukurasa, haimo.

Naima kamshikia bakuli. Kaumaliza wote.

Jumamosi, 14 Agosti

Jabiri katutoka alfajiri. Tumemzika baada ya adhuhuri. Theonest, Mkristo wa watu, kabeba jeneza toka mlangoni hadi makaburini. Kila aliyetaka kumpokea kamkatalia. Nami nilimkatalia mtu wa nyuma yangu. Tulikwenda bega kwa bega.

Ijumaa, 24 Septemba

Jana arobaini ya Jabiri. Naima katurudishia kasha. Nimeapa sichezei dadu tena maisha yangu. Jabiri kanifundisha, Mzee Harilal kanifundisha, nimeelewa.

Leo Theonest kakohoa. Si kikohozi kile cha kitabu, hiki cha kifuani. Mara mbili! Nimemuuliza, kasema vumbi la mafaili ya ofisini. Hata Jabiri alianza kwa kusema ni uchovu tu.

Nimembandikia uji. Yama nimempunguza, sasa ana alama kumi. Na chubwi nimelihamishia upande wa moja.