Attracta Hajaniuliza Mara ya Tatu

Jumatatu, 10 Juni
Attracta Feeney anakuja Ijumaa! Baada ya miaka thelathini na sita! Barua imetoka Halifax, Kanada. Mumewe alishafariki, Mungu amrehemu, jina lake sijawahi kulikumbuka. Anazunguka Ireland na basi la watalii. Hapa Kilkenny ni kutwa moja tu: watazame mji, wanunue vitu, saa kumi na moja jioni waondoke.

Kutwa itanitosha. Mwaka 1988 aliniambia nifuatane naye Kanada. Nikakataa mara mbili, kwa adabu, kama mtu aliyelelewa. Basi likaondoka kabla hajasema mara ya tatu. Tangu hapo nashona viatu vya watu, na kila nikisikia breki za basi roho inaniruka. Safari hii sifanyi mchezo.

Shida moja ndogo. Kwenye barua zangu nilijiita mwongoza watalii.

Jumanne, 11 Juni
Nimemwendea Iggy Prendergast, mwongoza watalii wa kweli, mwenye beji na mwavuli mwekundu. Nikamwomba aniazime beji siku moja. Akacheka hadi akakohoa. Eti, "Malachy, umezaliwa hatua mia kutoka kasri na hujawahi kuingia ndani!" Mwongo. Niliingia kujikinga mvua.

Mwenye wivu ajinyonge. Nimejitengenezea beji kwa kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. Inanuka kidogo.

Jumatano, 12 Juni
Bibi Brophy wa jirani amekuja. Dada yangu Concepta akamkaribisha chai. Akasema hapana, asisumbuke. Akamkaribisha tena. Hapana kabisa, ametoka kunywa sasa hivi. Akamkaribisha mara ya tatu. Basi, tone tu. Alikunywa vikombe vitatu na skonzi nne. Huyo ndiye mwanamke mwenye heshima zake.

Alipoondoka Concepta akanikazia macho. Akasema, Malachy, huko Kanada watu wakiambiwa hapana, wanaelewa hapana. Attracta akiniuliza neno lolote Ijumaa, nikubali palepale. Nikamjibu kwamba Attracta kazaliwa nyuma ya kanisa letu. Mtu hasahau adabu kama anavyosahau mwavuli.

Ijumaa, 14 Juni
 Nitaandika yote.

Alishuka wa mwisho. Nywele nyeupe. Kicheko kilekile, Mungu wangu, kilekile! Nilikuwa na hotuba. Ikayeyuka. Alinisogelea, akanusa, akasema, "We Malachy, beji yako inanuka kiatu." Kumbe alijua siku zote. Iggy akapita na kundi lake, akaniita mheshimiwa mwongozaji. Chizi yule.

Kwenye kasri nilimwambia limejengwa na mfalme. Mfalme gani? Nikasema yule mnene. Kwenye mnara wa kanisa kuu nilikwama kwenye ngazi, tumbo upande mmoja, mimi upande wa pili. Wajerumani wawili walinisukuma. Juu kulikuwa na upepo. Alinionyesha nyumba yao ya zamani, nyuma ya kanisa letu, karibu na mto Nore.  Nilitamani tubaki huko juu.

Kwenye kichochoro cha mawe kisigino cha kiatu chake kiling'oka. Nikakaa kwenye ngazi ya duka, nikakipiga kwa jiwe na msumari wa mfukoni. Kiatu chake mkononi mwangu, bado kina joto. Akasema hajapata fundi kama mimi kule. Nilitaka visigino vyote viwili ving'oke.

Chai. Akanikatia keki ya matufaha. Nikasema hapana, nimeshiba. Akasema haya, akaila yeye! Yote! Nilikuwa sijala tangu alfajiri.

Maduka ya sufu, saa mbili nzima. Akachagua sweta la kiume, kahawia. Akanipimia mgongoni. Akalilipia, akasema ni langu. Nikasema hapana, hapana, asijisumbue. Akalirudisha kwenye mfuko wake wa manunuzi.

Saa kumi na moja kasoro, mlangoni mwa basi. Akanishika mkono. "Malachy, nimechoka kula peke yangu. Njoo Halifax." Moyo wangu! Nikasema, "Aa, nisikupe usumbufu." Nikatabasamu, nikingoja. Akanitazama sana. Akasema, "Sawa, Malachy." Akapanda.

Sawa? Sawa!

Jumamosi, 15 Juni
Concepta kaniita mbuzi. Mara mbili. Nimeshona buti moja tu, na nimeishona vibaya. Nina hamu naye hadi naumwa mbavu. Au ni ile ngazi.

Jumanne, 18 Juni
Kifurushi kutoka Galway! Ndani sweta, na kadi. Anasema alikuwa amechoka, pengine alisema vibaya, basi anasema tena. Yuko Galway hadi Jumamosi, halafu ndege. Nipande basi nije, ni saa chache tu. Ameandika: "Nakuomba kwa mara ya mwisho, mpenzi. Sitakuomba tena."

Mpenzi! Nimeisoma mara kumi na saba.

Sweta nimelikunja juu ya kitanda. Nimelinusa, nimelilalia, sijalivaa. Kulivaa ni kukubali.

Jumatano, 19 Juni
Nimefikiri usiku kucha, na sasa mambo ni mepesi. Mlangoni mwa basi ilikuwa mara ya kwanza. Kadi ni ya pili. Mtu mzima anakubali vipi mara ya pili? Ataniona nina njaa. Hilo la "mara ya mwisho" husemwa na kila mtu, hata Bibi Brophy.

Kwa hiyo nimemjibu vizuri, kwa mwandiko wa kupendeza: ahsante sana, Attracta, lakini usijisumbue. Nikaenda posta mwenyewe. Concepta alinikimbiza na ndara hadi darajani akipiga kelele kwamba barua itafika Ijumaa na ndege inaruka Jumamosi. Nikamwambia atulie. Attracta ni mtu wa hapa. Hawezi kupanda ndege kabla ya mara ya tatu.

Nimenunua sanduku la safari, la buluu, lenye magurudumu. Nimeliweka mlangoni. Sweta litakaa juu.