Ombi la Kumwaga Kapu la Maulizo

Kolwezi, Juni 2025

Mheshimiwa Bourgmestre, mkuu wa manispaa yetu,

Pokea heshima zangu, mimi Ntambwe Josias, mwalimu mstaafu, niliyezaliwa katika mji huu mwaka wa 1951 na kuondolewa humo kwa treni mwaka wa 1993. Nimerudi. Naomba karatasi moja tu, hati ya kwamba nilizaliwa hapa, ili nizikwe hapa bila mtu kubishana na jeneza langu. Mashine ya ofisi yako imejibu mara nne kwamba sipo. Nalalamika hivi:

1. Fundi wenu, Mama Darlène, alinihurumia. Akaifungua ile programu wanayoiita dereva, inayopeleka maulizo ya SQL, lugha ya mashine, kwenye daftari la mashine na kurudi na majibu. Ndani nikaona kapu zima la maulizo yaliyokwisha kutungwa! Mashine haimtungii mtu ulizo jipya. Huchukua la zamani lenye nafasi tupu, ikatia jina lako humo. Hata shati kuukuu la sokoni hupimwa kwanza mabegani.

2. Ulizo nililovalishwa linamtafuta mzaliwa wa Kolwezi mwenye jina fulani, NA ambaye kijiji cha asili cha baba yake kimo katika jimbo letu hili la Lualaba. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Kwa hiyo nilizaliwa, ila si vya kutosha. Mama Darlène alipiga meza: "Tata, uko mule ndani! Ni ulizo njo inakukatala." Yaani daftari linanijua, ulizo ndilo linalonikataa.

3. Mwaka wa 1993, tulipofukuzwa sisi wenye asili ya Kasai, walioniuliza asili yangu walishika marungu, na walitoka jasho. Leo swali lile lile linaulizwa kwa nukta moja, bila mtu kuchoka. Nayaheshimu maendeleo, lakini naona vijana wamenyang'anywa kazi.

4. Naomba basi kila ulizo lililomo kapuni lijitambulishe: limetungwa wapi, na kijiji cha baba wa aliyelitunga ni kipi. Lisilo na hati lipandishwe treni, kilo ishirini za mizigo, lisigeuke nyuma.

5. Kisha kapu limwagwe lote, mashine izimwe leo hii, na tangu hapo kila ulizo litungwe upya na karani aliyekwisha kumtazama muulizaji usoni.

Unisalimie Madame na watoto, makarani wote wa dirishani, na mlinzi wa lango anayenipa kiti kabla sijaomba.

Ni mimi, mzaliwa anayesubiri kuzaliwa,

Ntambwe Josias

N.B. Nilikuwa nimefunga bahasha Mama Darlène aliponiita nitazame tena. Chini ya kapu mna ulizo lisilo na nafasi tupu: karani alilichapa jina ndani ya ulizo lenyewe. Fundi anasema ni kosa, linachafua kapu. Jina ni langu. Haliulizi asili, linauliza tu kama nimeandikwa miongoni mwa waliokufa. Limeulizwa mara tatu tangu mashine iwashwe, majuma matatu yaliyopita. Karani anamkumbuka muulizaji: mama mzee anayetoka Kasaji, huku huku Lualaba, kila Jumatatu, aitwaye Fidélie. Ni dada yangu mdogo, aliyebaki huko kwa mume wake nilipoondolewa. Tafadhali, kapu lisiguswe, mashine isizimwe. Jumatatu nitakuwa kwenye benchi kabla mlango haujafunguliwa, nimjibu mwenyewe.