Orrin Tjaden na Fasihi Yote ya Marekani

Jumatatu, 2 Machi

Ushindi. Chama chetu cha wasomaji kimekutana maktabani. Marlys Kubik, mkutubi, katangaza kwamba mwaka huu Bi Haskett hataweza kutoa ule mhadhara wake wa kila Machi, historia nzima ya fasihi ya Marekani kwa jioni moja. Sauti imemkauka, na kakatazwa kusema hata neno. Nani atashika nafasi yake? Atakayeshika ndiye mwenyekiti mpya, na ndiye atakayetuchagulia vitabu mwaka mzima. Pohlmeier, daktari wa meno, akakohoa na kuanza kuinuka kwa unyenyekevu. Mkono wangu ukamtangulia. Nikasema fasihi ya Marekani imo damuni mwangu tangu utoto. Marlys akatabasamu. Pohlmeier akakaa.

Tatizo dogo: sijawahi kumaliza kitabu. Kwenye chama nafuata pai za matunda tunazoandaliwa. Halafu huyo Bi Haskett ndiye aliyenifelisha fasihi sekondari, na katika mji mdogo wa Nebraska jambo kama hilo halizeeki. Nikifeli mara ya pili, tena mbele ya Pohlmeier, itabidi nihame.

Jumanne, 3 Machi

Nimeazima vitabu sita, nimechagua kwa unene. Nimeanza na cha mabaharia. Kurasa arobaini na bado hakuna aliyelowa. Nikasinzia kitini, nikaamka shingo imepinda, uso unatazama juu. Nikaenda kazini hivyo hivyo, kumuuzia mkulima bima ya mvua ya mawe. Akadhani nachunguza mawingu. Akanunua ya mwaka mzima. Fasihi ina faida zake.

Mchana, mpango mpya: kwenda kwa Bi Haskett na supu ya kuku, nichote elimu wakati hawezi kunikaripia. Nilisahau kwamba ana ubao wake mdogo na chaki. Akaandika: UMESOMA NINI? Nikasema, mambo mengi, mwalimu. Akafuta, akaandika: MWONGO. Kisha akanywa supu yote na kuninyooshea mlango. Ana umri wa miaka themanini na minne na mwandiko wake bado unanitoa jasho.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeokoka. Kwenye ujia wa maktaba kuna picha za waandishi wakubwa, zimetundikwa kwa kufuata miaka. Nimepita mbele yake maisha yangu yote nikienda chooni. Leo nimeketi hapo na mkate wa nyama, nikazitazama moja moja. Saa mbili nzima. Kumbe historia yote imo nyusoni mwao. Nani anahitaji kurasa?

Pohlmeier akapita na kuuliza ni kipindi gani nakipenda zaidi. Nikasema cha katikati. Akauliza katikati ya wapi. Nikasema kati ya mwanzo na mwisho. Akaondoka akicheka peke yake. Acha acheke.

Ijumaa, 6 Machi

Andika hili kwa herufi kubwa, Orrin.

Ukumbi ulijaa watu waliokuja kusikia mhadhara wangu. Pohlmeier safu ya mbele, Bi Haskett kando yake na ubao mapajani. Nikawaambia wote wasimame, twende ujiani. Nikaanza na wenye wigi. Hawa, nikasema, walimwogopa Mungu na mkate wao ulikuwa mgumu, tazama midomo. Kisha wenye ndevu kama lundo la nyasi: waliingia msituni kuitafuta nafsi, wakasahau wembe. Kisha vita, ndugu kwa ndugu, tazama macho. Kisha reli, fedha na masharubu. Kisha vita vingine, na hawa walionyolewa wakakimbilia Paris kunywa. Wanawake wanaongezeka kadiri unavyoendelea, nikasema, na wote wanaonekana wamesubiri sana.

Tukafika kwenye ngazi, pasipo na taa. Huko ndiko walikotundikwa waandishi weusi, wa miaka yote, kwa pamoja. Nikauliza kwa nini wako gizani, wakati miaka yao ni ile ile ya wenzao kule mwangani. Niliuliza kwa sababu sikujua. Hakuna aliyejua. Marlys akawa mwekundu, akaenda kuleta nyundo, na watu wakaanza kushusha picha na kuzirudisha kwenye miaka yake.

Hapo Pohlmeier akapaza sauti: “Bwana Tjaden, katika hawa wote, kitabu gani kilikugusa zaidi?”

Nikasema: “Daktari, mimi si mtu wa kuingia kati ya msomaji na kitabu chake.”

Makofi. Lakini Bi Haskett akainua ubao: HAJASOMA HATA KIMOJA. Kicheko kikaenda hadi mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi na saba tena. Akafuta polepole kwa kiwiko, akaandika tena: LAKINI AMETAZAMA. ALAMA: C.

Nimefaulu! C ya Bi Haskett ni A ya mwalimu mwingine yeyote. Pohlmeier akanipa mkono kama anayeng'olewa jino.

Jumapili, 8 Machi

Mwenyekiti Tjaden. Marlys kaniletea kitabu chembamba cha mmoja wa wale wa kwenye ngazi, kasema kwa upole nikirudishe nikiwa nimekisoma. Ukurasa wa kwanza ni mzuri kweli. Nikakiweka kitabu chini, maana wazo lilinijia: kwa nini nisome vya wenzangu wakati naweza kuandika changu?

Nikampigia Marlys simu kumwambia riwaya yangu iko karibu kukamilika. Akauliza inahusu nini. Nikasema ni mapema mno kusema. Mchana nikaenda kupigwa picha ya jalada la nyuma, nimeegemea trekta la jirani, natazama mbali. Imetoka vizuri mno. Kazi ngumu imekwisha. Kumebaki kuandika tu.