Vita vya Sotir na Cheni Iliyokataa Kunyamaza

Sogeeni, enyi mnaopenda habari za panga na damu, mkae vizuri, maana habari hii haina panga, na damu yake yote ni ya kidole kimoja kilichochubuka. Waacheni wafalme na miji yao waliyoiteketeza. Hao wamekwisha kusifiwa kupita kiasi. Mimi naomba pumzi ndefu na ulimi mwepesi, nimtaje Sotir wa mtaa wa juu, Sotir mwenye viganja vya grisi, sultani wa gereji isiyo na mlango, aliyeinyamazisha cheni ya taimingi ya pikipiki kuukuu mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao akiwa amevaa ndara.

Pikipiki hiyo ililetwa na amu yake kutoka Ujerumani, siku alipochoka kuwajengea Wajerumani nyumba. Juu yake Sotir alimpakia Ljupka walipokuwa wachumba, na hata baada ya ndoa, kila ilipofika sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti, walikwenda nayo kijijini kwa kina Ljupka, mke amemshika mume kiuno. Kisha cheni ile iliyomo tumboni mwa injini ikalegea, na kikaza chake kikazembea kazini, na injini ikawa inapiga makelele kama kokoto ndani ya sufuria. Kelele za mlango hazimkeshi mwenye nyumba, lakini za cheni ile zilimkesha hata paka wa jirani. Mwaka mmoja kijiji kizima kilitoka nje kutazama, kikidhani imeletwa mashine ya kupura ngano. Ljupka akashuka, akakung'uta gauni lake, akaapa kwamba hatapanda tena mpaka hicho chombo kinyamaze.

Tangu hapo akawa anakwenda kwa basi. Ila mila hakuiacha: asubuhi ya safari alisimama langoni na jagi, akamwaga maji barabarani nyuma ya mumewe, ili safari yake iteleze kama maji, halafu akafunga lango na kwenda kungoja basi. Na Sotir, jemadari aliyeachwa na jeshi lake lote la mtu mmoja, akaenda njia nzima akihisi baridi mgongoni, Agosti ile ile ya kukausha tumbaku. Alimpenda mkewe, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokiri.

Hakukosa washauri. Mkuu wao alikuwa jirani yake Krste, dereva mstaafu wa lori la tumbaku, mwalimu wa wote wasiomuuliza. Huyu aliketi kwenye kreti tupu, glasi ya rakija, ile pombe kali ya matunda, mkononi, akanena kama anayehutubia majeshi.

“Sikiliza, jirani. Kinachogonga kimelegea, na kilicholegea kinakazwa. Hilo hata bibi yangu alilijua, naye hakuwahi kupanda hata punda.”

Hiyo ndiyo sheria pekee tunayoitii katika mji wetu. Mlango ukilia tunaukaza, mtoto akilia tunamkaza, na kwa sheria hiyo tumevunja bolti nyingi kuliko walizovunja maadui zetu wote. Basi Sotir akaikaza bolti ya kile kikaza. Majira yakapita, akaikaza tena. Kila alipoikaza walikunywa kuupongeza ushindi, na kila walipowasha injini ushindi ulikimbia.

Ikafika asubuhi ya sikukuu. Krste akaja na ndara zake, akamwambia Ljupka kwamba gari lake lina kiyoyozi na kiti cha mbele kiko wazi, basi la nini.  Ljupka akamtazama mumewe.

“Nipe nusu saa,” Sotir akasema.

“Nusu saa? Nimekupa miaka, bwana.”

Akaingia ndani kujaza jagi. Na Sotir, aliyeona kwamba mwaka huu hata basi limepata mpinzani, akavivaa vita. Akawasha injini, nayo ikamtukana kama kawaida yake. Akachomoa spana namba kumi, upanga wa ukoo wake, akaikaza bolti kwa nguvu zote za mababu. Spana ikateleza, ngozi ya kidole ikabaki kwenye silinda. Hasira hasara, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kushika spana.

“Basi, potelea mbali,” akasema, akaizungusha kinyume, aing'oe kabisa akaitupe shambani.

Ndani kukasikika tik.

Kumbe springi maskini ya kikaza ilikuwa humo miaka yote, tayari kuisukuma cheni ikae sawa, nayo bolti ile iliyokazwa na mashujaa wawili ndiyo iliyoibana isisogee. Ilichotaka ni kulegezwa kidogo tu. Injini ikatulia, ikanguruma polepole kama paka aliyeshiba. Sotir akaelewa, akaona haya, akaifunga bolti kwa vidole viwili, taratibu, asije akaiudhi.

“Si nilikwambia ni hiyo hiyo bolti?” akasema Krste.

Ljupka alikuwa langoni na jagi lake. Akasikiliza muda mrefu. Sotir hakuthubutu kukohoa. Kisha mwanamke yule akamkabidhi Krste jagi.

“Shika, kaka Krste. Leo utamwaga wewe.”

Akakusanya gauni la sikukuu, akapanda, akapitisha mikono kiunoni mwa mumewe. “Kwenye kona twende pole,” akasema.

Wanaohesabu historia kwa vita na mikataba na waongeze mwaka huu, mwaka ilipolegezwa bolti. Na wasimsahau Krste, mshindi wa vita vyote vya wenzake, aliyeachwa barabarani akimwaga maji, nusu njiani na nusu kwenye ndara zake. Wala Sotir, aliyefika kijijini bila mtu yeyote kutoka nje kutazama, mgongo wake ukiwa na joto.